Paji la Uso Ninalokudai

Igdalagon, Antique
26 Juni 1994

Kwako Marivel, mjukuu wangu mrefu,

Leo asubuhi nimeamka, nikavaa shati jeupe, nikatembea kwa miguu yangu hadi uwanja wa kupiganisha majogoo, nikashinda mapambano mawili, nikarudi nyumbani kabla shangazi yako hajamaliza kuchemsha kahawa. Watu barabarani walinivulia kofia.

Haya, si kweli. Nilitoka kitandani hadi dirishani, na nilipofika nililikumbatia dirisha kama mlevi anavyokumbatia nguzo. Kofia alivua mtu mmoja tu, muuza samaki, naye alikuwa anajikuna. Lakini dirishani nilifika, hilo usinibishie.

Huku wote wazima. Shangazi yako Petang mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Bado anauza wali wa kunata wa kufungwa kwenye majani, na bado anamwambia kila mteja kwamba majani hayo ndiyo yanayomsomesha Marivel mambo ya kunyoosha watu viungo. Jenerali, yule jogoo wangu wa jicho moja, amestaafu kama mimi. Analala chini ya kitanda changu, na kati yetu wawili yeye ndiye mwenye adabu. Mvua zimeanza, paa linavuja palepale.

Utashangaa mwandiko. Ni mkono wa kushoto. Nilizaliwa nautumia huo, mwalimu wa darasa la kwanza akanichapa mpaka nikauacha, nikaandika kwa wa kulia hadi darasa la nne, nilipoachana na shule kwa amani. Sasa kiharusi kimenichukulia wa kulia na kunirudishia wangu. Mwalimu amekwisha kufa, mimi naandika.

Shangazi yako hataki ninyanyuke. Nikitaka kijiko, kijiko kinakuja. Nikitaka kujikuna, ananikuna yeye, tena mahali pasipowasha. "Baba, tulia, mshipa utapasuka." Nimetulia tangu Februari. Nimetulia kuliko yule mtakatifu wa mbao kanisani, naye angalau siku ya sikukuu yake hubebwa akaona mtaa.

Watoto wa jirani hawaji sana siku hizi. Sijui kwa nini.

Ulisema mwezi huu una mtihani wa vitendo hospitalini. Matokeo sijasikia. Siulizi, nasema tu sijasikia.

Babu yako,
Anacleto, bingwa wa dirisha


Iloilo
17 Julai 1994

Babu, shikamoo.

Hongera kwa dirisha. Mimi mzima. Chumbani tunalala wanne, na mmoja anakoroma kwa Kihispania, ndivyo tunavyomsingizia. Chakula ni supu ya tambi, kesho supu ya tambi. Wodini tunaingia asubuhi na kutoka jioni miguu imevimba kuliko ya wagonjwa. Usimwambie Shangazi kwamba nanawa maji baridi kila nikimaliza mgonjwa, mikono ikiwa bado ya moto. Ataniambia itatetemeka nikizeeka na atapanda basi kuja kuifunga vitambaa.

Kuhusu mtihani, mambo bado yanaendelea.

Babu, nina swali. Bega lako la kulia likoje? Mtu akikishika kiganja chako cha kulia akauinua mkono, unasikia nini begani? Ni nani huuinua mkono huo, na kwa ajili gani? Na bega lenyewe ukilitazama kwenye kioo, liko sawa na la kushoto, au kuna kishimo juu yake?

Tafadhali jibu la bega.

Mjukuu wako,
Marivel


Igdalagon
20 Agosti 1994

Marivel,

Salamu tele, na shangazi yako anakusalimu, na Jenerali angekusalimu kama si kwamba ananyonyoka manyoya na anaona haya. Ng'ombe wa jirani amezaa. Muuza samaki ameoa tena, mwanamke mwenye meno yote, hakuna anayejua alimpataje.

Nimesoma barua yako. Umeandika "bega" mara nyingi kuliko "Babu". Bega langu liko pale lilipokuwa, kati ya shingo na mkono. Kioo hakuna, shangazi yako alikiondoa nisije nikajiona nikakata tamaa. Anadhani mimi huwa nakata tamaa kwa kuona sura yangu. Nimeishi nayo miaka yote hii.

Sasa nikuambie kitu. Mtu aliyefaulu huandika "nimefaulu" mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, hata salamu anasahau. "Mambo bado yanaendelea" ni maneno ya mtu ambaye jogoo wake amekimbia uwanjani. Nimeyasema mwenyewe mara nyingi, nikiwa nimeshika kamba tupu.

Basi tufanye biashara. Wewe niambie habari ya mtihani, mimi nikuambie habari ya bega. Usiponiambia, tuendelee kuandikiana habari za ng'ombe.

Babu yako


Iloilo
25 Septemba 1994

Babu, shikamoo.

Nimechelewa. Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo. Shangazi aliniletea wali wa kunata kwa mkono wa mke wa dereva wa basi, mwambie ulifika na haukulala.

Nakubali biashara. Naanza mimi.

Nilifeli. Mgonjwa niliyepewa anaitwa Mzee Teroy, fundi cherehani, kiharusi kilimpiga upande uleule wako. Kazi ilikuwa kumtoa kitandani na kumkalisha kwenye kiti, mwalimu wetu Bi. Villaruz amesimama pembeni. Nikaingia. Mzee ana nywele kama zako, na fulana yenye tundu kama yako, mahali palepale. Kabla sijafikiri lolote nikauchukua mkono wake wa kulia nikauinua hadi kwenye paji la uso wangu kuomba baraka, kama ninavyofanya tangu nijue kutembea, nikiingia kwa mzee yeyote. Alipiga ukelele. Maneno yamempotea, Babu, lakini ukelele anao.

Mkono uliopooza ni mzito, na misuli inayoshika bega imelala. Mfupa unaning'inia tu. Ukivuta kiganja juu, unalitesa bega. Tulifundishwa hilo mwaka wa pili, na mtihani wake niliupata vizuri. Nilijua kabisa. Niliumiza mtu kwa adabu.

Bi. Villaruz akaniambia, "Nani alikufundisha kumvuta mgonjwa?"

Nikasema, "Nyumbani, Mwalimu."

"Basi rudi huko nyumbani ukafundishwe upya."

Nitarudia mwezi wa kwanza, mara moja tu. Nikifeli tena naondolewa, na mwaka wote wa mwisho umekwenda. Halafu anataka niandike kwa mkono wangu kwamba desturi za nyumbani hazina nafasi kwenye chumba cha matibabu. Sijaandika. Kila siku ananiuliza, kila siku nasema bado.

Shangazi naye ameniandikia. Anasema, nasomea kutunza wagonjwa na mgonjwa wangu yuko kijijini, kwa hiyo nikifeli nirudi. Kuna siku naona ana haki.

Sasa zamu yako. Nilipokuja Mei zile siku chache, mkono wako ulikuwa chini ya blanketi muda wote. Siku ya kuondoka nilikuja kuuomba. Ukageukia ukutani ukasema umelala. Nilidhani umekasirika kwamba nakuacha. Nililia kwenye basi mpaka San Jose, mwanamke mmoja asiyenijua akanipa ndizi.

Babu, ulikuwa umekasirika au ulikuwa unaumwa?

Marivel


Igdalagon
9 Oktoba 1994

Marivel,

Wote wazima, ndama mzima, salamu zimeisha.

Niliumwa.

Ilianza Pasaka. Shangazi yako alinivika, akaniweka kwenye kiti mlangoni kama duka. Misa ikaisha, watoto wa kijiji kizima wakapanga mstari. Unawajua. Mmoja baada ya mwingine anakamata kiganja changu, anakinyanyua, anajigonga nacho usoni, anakiachia kidondoke, anakimbilia peremende. Nikaona nyota saa nne ya asubuhi. Nikacheka. Kila mtoto, nikacheka. Nani analia kwa sababu anaheshimiwa? Wakawaambia mama zao kwamba Mzee Kleto amechangamka leo.

Baada ya hapo nikauficha mkono. Wakija, nimelala. Wakirudi, bado nimelala. Sasa wanasema nimekuwa mchoyo wa baraka. Mama yake Lumen, yule wa nyumba ya pili, anasema kuku wake hawatagi kwa sababu nimemnyima mwanawe mkono. Ndiyo maana hawaji. Nilikuambia sijui kwa nini. Nilikuwa najua.

Na wewe nilikunyima kwa sababu ungeuinua, ningepiga ukelele kama Teroy wako, ungejua, ungebaki. Nilitaka upande basi. Kulia mpaka San Jose ni sawa, mradi hukushuka.

Sasa nisikilize vizuri, maana mkono wa kushoto unachoka. Usirudi. Usifanye mwili wangu kuwa kisingizio chako. Shangazi yako anataka muuguzi wa bure, na mimi sitaki muuguzi, nataka miguu. Ukirudi kwa ajili yangu nitatambaa hadi kituoni na nitakusukuma ndani ya basi kwa kichwa. Na yale maneno ya mwalimu wako usiyaandike. Mimi niliambiwa mkono wangu si mkono, nikaukataa, kwa kuwa nilikuwa mtoto na yeye alikuwa na fimbo. Wewe mtoto? Bi. Villaruz ana fimbo?

Jana nilimkabili shangazi yako.

"Petang, kuanzia leo mkono wangu usivutwe na mtu."

"Nani kakuambia, Baba?"

"Daktari."

"Daktari gani? Hakuna daktari aliyekuja."

"Marivel."

"Marivel kafeli."

"Kafeli kwa adabu uliyomfundisha wewe. Mmefeli pamoja, wewe na yeye. Tofauti yenu ni kwamba yeye anarudia."

Kahawa ikafurika jikoni naye amesimama tu. Sijawahi kumnyamazisha tangu abatizwe, na hata siku hiyo alimshinda padre.

Haya, wewe ndiye mjuzi. Niambie nifanye nini, na usiniambie nipumzike. Nimeandaa majogoo maisha yangu yote, hakuna hata mmoja aliyeshinda kwa kulala.

Babu yako, mgonjwa wako wa kwanza aliyekubali


Iloilo
6 Novemba 1994

Babu, shikamoo, na asante.

Nimeisoma barua yako ngazini, nikacheka, nikalia, mkoromaji wetu akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, kuna mtu ameanza kuishi huko kwetu.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, karibu na meza. Mkono wa kulia juu ya meza, kiwiko kimeegemea, usining'inie hata ukiwa unakula. Weka taulo chini ya kiganja, ulisukume mbele na kulirudisha, polepole, kama unayefuta meza. Likiuma bega, acha. Ushujaa hautakiwi. Ukiona linateleza bila maumivu, weka kitu kifupi mbele yako ujaribu kukifikia juu kwa mgongo wa kiganja. Ukikizoea hicho, tafuta kirefu kidogo.

Na mtu akitaka mkono wako, sheria ni moja: mkono hauvutwi, paji la uso ndilo linalosafiri. Aje yeye. Apige magoti, akae chini, alale kifudifudi akibidi. Wewe unanyanyua kiasi unachoweza, hata kama ni unene wa kiberiti, na yeye anamalizia njia iliyobaki. Anza na wafupi. Kadiri unavyopata nguvu, panda kwa warefu.

Hili sikulisoma mahali, Babu. Limenijia nikikuwazia na lile kundi la watoto. Nimelijaribu kwa Mzee Teroy saa ya mapumziko, bila ruhusa. Nilimuuliza kwanza. Alitikisa kichwa kukubali. Nikapiga magoti, nikaegemeza uso mezani kama mtoto aliyesinzia darasani. Vidole vyake vilisogea, havikunifikia. Kesho yake aliponiona alisogea ukingoni mwa kiti mwenyewe, kabla sijasema neno.

Bi. Villaruz ameuliza tena yale maandishi. Safari hii nimempa. Nimeandika: "Nilikosea kuuvuta mkono. Sikukosea kuuomba." Nimetia sahihi. Ameikunja karatasi akaiweka kwenye mkoba wake, na tangu hapo ananitazama kama anayepima kitambaa. Shangazi akisikia atasema nimejichongea. Huenda ni kweli. Sitaifuta.

Marivel


Igdalagon
8 Januari 1995

Marivel,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako ilifika baada ya kimbunga, imelowa, maneno "kifupi" na "kirefu" yamechanganyikana, lakini tumeelewana. Krismasi tulikula nguruwe wa jirani, si wetu, ila nyama haikuwa na jina. Paa sasa linavuja mahali papya, tumebadilisha ndoo.

Nikupe taarifa. Taulo nimelisukuma mpaka limekwisha manyoya. Kitu kifupi nilichopata ni Jenerali. Anapanda mezani mwenyewe, anatulia, ninapandisha kiganja hadi kichwani pake. Mwanzoni nilimfikia kifuani. Sasa namfikia kishungi, naye anafumba lile jicho lake moja kama mtu mwenye imani.

Shangazi yako akatukuta.

"Baba, unafanya nini?"

"Nambariki Jenerali. Ana damu nyingi mikononi."

"Jogoo hana mikono, Baba."

"Ndiyo maana anahitaji wangu."

Alivua aproni akatoka bila viatu. Nikajua ameenda kwa Padre.

Padre wetu mpya ni kijana wa mjini, anaitwa Ermin, mrefu karibu kama wewe. Alikuja na mafuta ya wanaokaribia kufa. Shangazi yako nyuma yake, macho mekundu. Nyuma ya shangazi yako, mama yake Lumen, amekuja kuona nikifa na kuuliza habari za mayai.

"Mzee Kleto," anasema Padre, "moyo unasemaje?"

"Moyo hauna neno, Padre. Bega ndilo lenye dhambi."

Akanyoosha mkono niubusu, kama wote tunavyoubusu. Nikautazama. Nikamwambia, "Padre, wewe ni wa Mungu, sikatai. Lakini nilikuwa nimekwisha kung'olewa meno mawili wakati babu yako anamchumbia bibi yako. Leo uje wewe kwangu."

Shangazi yako akajifunika uso kwa mtandio wa mama yake Lumen.

Padre aliweka mafuta mezani. Akainama. Mimi nikaanza kupandisha mkono. Ukakwama kwenye kifungo cha pili cha kanzu yake.

"Shuka kidogo, Padre."

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Shuka, usiogope, sakafu imefagiliwa."

Magoti yakamlia kama ngazi kuukuu, akafika chini. Nikanyanyua. Marivel, hakuna aliyenishika. Mgongo wa kiganja changu ukamgusa katikati ya paji la uso, ukakaa hapo, ukatetemeka, ukashuka wenyewe bila kuanguka. Hakuna nyota niliyoona.

Halafu shangazi yako akauliza, "Sasa mafuta apakwe nani?"

Padre alicheka mpaka akashindwa kuinuka, tukamtafutia mtu wa kumvuta. Nikawaambia wasimvute mkono.

Tangu siku hiyo watoto wamerudi. Wanapiga magoti, mimi ninapanda. Lumen, mwenye miaka tisa, bado lazima akae kwenye kigoda. Mama yake ameleta mayai sita.

Sasa wewe. Mtihani wako wiki ijayo, kama hesabu yangu ya darasa la nne ni sahihi. Shangazi yako amesema ukifeli yeye mwenyewe atakuja kukuchukua. Nimemwambia basi atafute na wa kunichukua mimi, maana nitakuwa nimelala barabarani mbele ya basi. Alikwenda kufunga wali kwenye majani, na nimeona amefunga mengi kuliko kawaida.

Nenda ukafanye kama unavyojua. Ukifeli kwa kufanya unavyojua, niandikie kwa herufi kubwa vilevile.

Babu yako


Iloilo
12 Februari 1995

Babu, shikamoo.

Mimi mzima, supu ya tambi nzima. Wali wa Shangazi ulifika siku mbili kabla ya mtihani, kikapu kizima, bila neno lolote ndani. Nimeelewa.

Nilipewa Mzee Teroy tena. Nadhani Bi. Villaruz alitaka kuona kama nitarudia kosa. Nikaingia, nikamsalimu, nikasimama upande wake dhaifu. Nikashika chini ya kiwiko, nikaegemeza mkono wake vizuri, nikamsogeza ukingoni, nikamgeuza, akainuka, akakaa kwenye kiti. Hakuna kilichoning'inia. Mpaka hapo ningeweza kukunja mikono na kusubiri alama.

Mzee Teroy akanitazama. Akatazama meza. Akatazama meza tena, akakunja uso, kama bosi ambaye kibarua wake amesahau kazi.

Bi. Villaruz akasema, "Umemaliza?"

Nikasema, "Bado, Mwalimu."

Nikapiga magoti pale mbele yake, paji la uso karibu na meza. Mzee akaanza kupandisha. Nilisikia kitambaa cha meza kikikwaruzwa na kucha. Alichukua muda mrefu, mtu akapita na toroli la chakula na kurudi. Mkono ukanigusa. Kidogo tu, pembeni, kwenye nyusi zaidi ya paji. Halafu akatoa sauti, si ile ya kwanza.

"Hilo limeandikwa kitabu gani?" mwalimu akauliza.

"Halijaandikwa, Mwalimu. Ni la nyumbani."

Aliandika kwa kalamu muda mrefu. Akanifanya nisimame. Akaniambia, "Umefaulu. Funga kamba za viatu, utamwangukia mgonjwa."

NIMEFAULU. Samahani, nilisahau kuanza nalo.

Ile karatasi yangu hajanirudishia. Sijaiomba. Aprili nakuja nyumbani, wiki nzima, kabla ya kuanza kujiandaa kwa mtihani wa leseni. Ninataka kuona bega.

Marivel


Igdalagon
5 Machi 1995

Marivel, mjukuu wangu mrefu,

Leo nimebeba gunia la mchele begani kutoka sokoni, bega la kulia, nikipiga mluzi.

Usiutupe wino wako kunikaripia. Nilibeba kikapu cha mayai mapajani, nimekaa. Ila mluzi nilipiga.

Barua yako ilisomwa na Padre kwa sauti hapa nyumbani, maana miwani yangu imekaliwa na Jenerali. Alipofika kwenye herufi kubwa shangazi yako akaenda nyuma ya nyumba kukatakata kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kukatwa. Aliporudi akasema, "Atakula nini akija?" Nikamwambia, "Chochote, isipokuwa tambi." Tangu hapo hajasema tena neno la wewe kurudi moja kwa moja. Ila amenirudishia kioo. Nimejitazama. Kishimo begani bado kipo, kimepungua. Sura haijapungua kitu.

Natembea na fimbo hadi mlangoni. Kutoka mlangoni hadi uani kuna zile ngazi zetu za mianzi, nami nimeanza nazo, moja chini, moja juu, Petang akinifuata nyuma mikono imetandazwa kama anayefukuza bata. Mkono unafika kifuani tu, hautaki kupita hapo. Lumen hata sasa simfikii akisimama wima. Wewe je? Wewe wachezaji wa mpira wa wavu walikuwa wanakuweka mbele ya wavu ukiwa na miaka kumi na mbili. Kwa hesabu ya haki sitakufikia mpaka nife na kufufuka.

Lakini sikiliza. Mwaka jana uliondoka bila kuchukua mkono. Kwamba niligeukia ukutani, hayo ni mambo ya zamani, tusiyafukue. Ninachojua ni kwamba mkono ulikuwa wangu, paji la uso lilikuwa lako, na lililokosekana ni paji. Wangu uko tayari tangu Januari. Kwa hiyo mdaiwa ni wewe, na ninataka nilipwe Aprili, pale pale chini ya ngazi, kabla hujaweka begi, kabla hujaanza kunikagua bega, kabla shangazi yako hajakuvuta jikoni.

Utanikuta nimesimama ngazi ya tatu, fimbo kushoto. Wewe simama uani. Nimekwisha kupima kwa kumsimamisha Padre, paji lake lilikuja kifuani pangu, ni mahali penyewe. Usiniambie ni hila, najua ni hila.

Nakuomba hicho kimoja tu. Ukifika mbele yangu, usiiname.

Babu yako,
Anacleto